Mwenyewe Yupo, Ametoka Kidogo

Nchi yenyewe ipo, haiko mbali, na mambo haya si ya kale. Jina lake haliandikwi hapa kwa sababu lilikuwa likipitiwa upya na kamati, na kamati ilikuwa kwenye semina. Inatosha kujua kwamba nchi hiyo ilikuwa na Shirika la Maji, kwamba shirika lilikuwa na jengo la ghorofa kumi, na kwamba jengo hilo halikuwa na maji.

Kila mwaka shirika lilichukua vijana kumi na wawili waliomaliza chuo na kuwaingiza kwenye mpango wa Wahitimu Tarajali. Mwaka huo waliomba vijana elfu nne. Sifaeli alikuwa mmoja wao. Aliingia chumba cha usaili akiwa na shahada ya uhandisi wa maji na kiatu cha kushoto chenye kiraka. Mbele yake kulikuwa na wasaili watano. Wanne kati yao walikuwa makoti yaliyovikwa viti. Wa tano alikuwa Bi Restituta Mbonde, Mlezi wa Watarajali, mwanamke mwenye miwani ya kamba aliyekuwa akizungumza kwa niaba ya wote.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?" akauliza.

Waliotangulia walijibu kwamba wanajiona mameneja, na wakaambiwa wapite mlango wa nyuma. Sifaeli alikuwa amekariri jibu hilohilo, lakini woga ukalifuta kichwani mwake.

"Sijioni," akasema.

Bi Restituta akaweka kalamu chini. Akayaangalia makoti manne, moja baada ya jingine, kisha akamgeukia tena kijana.

"Umelielewa shirika," akasema. "Njoo Jumatatu."

Barua ya kazi ilikuwa na sharti moja tu: Mhitimu aje na koti, mengine atafundishwa.

Mama yake, Mama Sifaeli, alikuwa fundi cherehani wa Mtaa wa Mchongoma. Alizoea sare za shule na magauni ya kipaimara. Koti la kiume hakuwahi kushona. Akachukua koti kuukuu la marehemu mumewe, akalifumua lote ili aone lilivyoungwa, akashona jipya kwa siku tisa. Siku ya nane bitana ikapungua. Akaingia chumbani, akatoka na gauni lake la kwaya, la zambarau, akalitia mkasi.

"Mama, gauni la kwaya?"

"Nitaimba na kitenge. Nyoosha mkono."

"Watu watasema."

"Wakisema, waambie mwanangu yuko Shirika la Maji. Nyoosha mkono, baba, usinipotezee muda."

Sasa ni lazima ielezwe desturi ya shirika lile, maana mgeni asipoielewa anaweza kudhani ni uvivu. Mwenye cheo hakuonekana. Asubuhi koti lake lilitundikwa kwenye mgongo wa kiti chake, na kwa kuwa koti lipo, mwenyewe naye yupo, ametoka kidogo. Ametoka kwenda wapi, hilo halikuwa swali la adabu. Wengine walikuwa wametoka kidogo tangu mwaka juzi. Kadiri cheo kilivyopanda ndivyo mtu alivyozidi kutoka, hata ikawa Mkurugenzi Mkuu hakuonwa na yeyote kwa miaka sita, ila koti lake lilifika kila siku saa mbili kamili kwa gari, kiti cha nyuma, limefungwa mkanda.

Kazi ya watarajali ilikuwa kuyatunza makoti hayo. Miezi mitatu ya kwanza Sifaeli alipiga brashi. Miezi mitatu iliyofuata alipandishwa, akawa anayabeba makoti kwenda kwenye vikao vya ghorofa ya tatu, anayavika viti, anayamiminia chai, na kuandika kumbukumbu. Koti la Mipango lilitoa hoja. Koti la Ufundi liliunga mkono. Hakuna aliyepinga. Chai ilipopoa ilimwagwa chooni, ambako ilisaidia kidogo, kwa kuwa hakukuwa na maji.

Jumapili alipompigia mama yake simu, alisema kazi ni nzuri.

"Unafanya nini hasa?" mama akauliza.

"Nashughulika na viongozi. Nakaa nao vikaoni."

"Ghorofa ya ngapi?"

Sifaeli alikuwa ghorofa ya chini, kwenye stoo ya brashi. "Ya kumi," akasema.

"Haya. Nitawaambia kanisani."

Na aliwaambia.

Mwisho wa mwaka ulikuwa na mtihani mmoja wa kuthibitishwa kazini. Uliitwa Siku Saba za Kutokuwepo. Mtarajali alikabidhiwa dawati, akatundika koti lake mwenyewe kwenye kiti, kisha akatakiwa asionwe na mwananchi yeyote kwa siku saba za kazi. Kukaa nyumbani hakukuruhusiwa. Bi Restituta aliwafafanulia vizuri.

"Ukiwa nyumbani, huo ni utoro. Tunataka usiwepo ukiwa hapahapa. Nyuma ya kila dawati kuna kabati la majalada. Utasimama nyuma yake na daftari, na utaandika jinsi koti lako linavyohudumia watu. Ukitoka hata mara moja, umeshindwa, na koti lako utalikuta getini kwenye mfuko wa plastiki."

"Na mtu akiwa na shida ya kweli?" akauliza Pilmina, msichana aliyekaa karibu na Sifaeli.

"Shida zote ni za kweli," Bi Restituta akasema. "Ndiyo maana tunazipanga foleni."

Pilmina alishindwa siku ya pili. Mzee mmoja alianguka mbele ya dawati lake kwa kusimama sana, naye akatoka nyuma ya kabati akamshika mkono na kumpa kiti, kiti chenyewe kilichokaliwa na koti. Jioni ile alipita getini na mfuko wa plastiki. Alimpungia Sifaeli mkono. Sifaeli akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Yeye alipewa Dawati Namba Tisa, Mitaa Iliyofutika kwa Makosa. Dawati hilo lilianzishwa baada ya shirika kuchora ramani mpya ya mji. Mchoraji aliweka kikombe cha kahawa juu ya ramani, kikaacha duara, na mitaa iliyokuwa chini ya duara haikuonekana tena. Shirika likaifungia maji, kwa hoja kwamba haiwezekani kupeleka maji mahali pasipokuwepo. Ili mtaa urudi, mwakilishi wake alitakiwa kugongewa fomu muhuri wa Dawati Namba Tisa. Muhuri ulikaa mfuko wa ndani wa koti. Kwa kanuni, hakuna aliyeruhusiwa kuutoa isipokuwa mwenye koti, na mwenye koti alikuwa ametoka kidogo.

Mbele ya dawati alisimama Mzee Kitundu, tarishi aliyetumikia shirika miaka thelathini, ambaye kazi yake ilikuwa kusema maneno hayo. Alisema vizuri, kwa upole, kila mtu akajiona ni yeye tu aliyekosa bahati kwa dakika moja. Ukutani palikuwa na tangazo: MWANANCHI, SALIMIA KOTI KWANZA.

Siku nne zilipita salama. Sifaeli alisimama nyuma ya kabati, jicho kwenye ufa kati ya kabati na ukuta, na kuandika. Daftari lilikuwa na safu tatu: koti limesalimiwa, koti limesikiliza, mwananchi ameondoka. Zilibaki siku tatu tu awe mtu wa kudumu. Alikuwa ameshaanza kufikiria jinsi atakavyompigia mama yake simu.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mama yake.

Alikuwa amevaa kitenge cha kwenda kanisani, mkononi fomu iliyokunjwa mara nne. Sifaeli aliusogelea ufa. Hakujua kwamba Mtaa wa Mchongoma ulikuwa chini ya kikombe. Maji yalikuwa yamefungwa kwa wiki sita, na mama yake hakuwa amemwambia lolote.

"Karibu, mama," akasema Mzee Kitundu. "Mwenyewe yupo, ametoka kidogo. Unaweza kuongea na koti. Lakini salimia kwanza."

"Nisalimie koti?"

"Tangazo lile pale."

Mama Sifaeli alisoma tangazo. Alikuwa mtu wa kufuata taratibu hadi pale zinapomchosha. Akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo," akasema.

Nyuma ya kabati, kijana aliyezaliwa na mwanamke huyo aliangalia daftari lake. Safu ya kwanza: koti limesalimiwa. Mkono wake ukaandika ndiyo. Baadaye alijaribu kukumbuka kama mkono ulisita, na hakukumbuka kama ulisita.

Mama akakaa kwenye kiti cha wananchi na kueleza shida yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu. Nyumba sitini hazina maji. Watu wanachota kwenye mtaro wa machimbo ya kokoto. Watoto wa jirani wanaharisha, na mmoja, wa Mama Tekla, amelazwa. Amefika hapa mara tano, hii ya sita.

"Nina mtoto humuhumu ndani," akaongeza, "ghorofa ya kumi, anakaa na viongozi. Ningeweza kumwomba. Ila sikutaka aonekane kazini kwamba ana mama wa kuja kuombaomba. Kwa hiyo nakuomba wewe."

Koti halikujibu. Mama akaliangalia kwa makini zaidi, kama fundi anavyoangalia kazi ya mwenzake. Macho yakatembea kwenye kola, yakashuka begani, yakafika kwapani, ambako mshono ulikuwa umeachia upana wa kidole. Katika mwanya huo ilichungulia bitana. Ilikuwa ya zambarau.

Akaiinamia, akaiangalia tena.

"Baba," akamwambia tarishi, "mwenye koti hili ni mtu wa namna gani?"

"Mtu mkubwa. Mchapa kazi. Hapatikani."

"Ana mama?"

Mzee Kitundu akafikiri. "Wakubwa hawana mama. Wana katibu muhtasi."

Mama akatikisa kichwa polepole. Kisha macho yake yakaondoka kwenye koti, yakaenda kwenye kabati, yakashuka chini. Kabati lilikuwa na miguu mirefu, na chini yake kulikuwa na nafasi ya shubiri moja. Katika nafasi hiyo vilionekana viatu viwili. Cha kushoto kilikuwa na kiraka.

Sifaeli akavuta miguu nyuma.

Hapo ndipo angetoka. Hakukuwa na mlango wa kufungua wala ngazi ya kupanda; zilikuwa hatua mbili tu. Alijiambia kwamba akithibitishwa atawasaidia Mchongoma wote, kwamba siku mbili si nyingi, kwamba pengine mama hakuviona viatu. Alijiambia mengi. Alibaki pale.

Mama Sifaeli alichomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, mahali inapokaa siku zote. Kwenye mkoba alikuwa na uzi mwekundu tu. Akazunguka dawati.

"Mama, huko hairuhusiwi," akasema Mzee Kitundu.

"Mshono umefumuka. Mtu mkubwa hawezi kukaa hivi mbele za watu."

Hilo tarishi hakuweza kulipinga. Mama akashona kwapa la koti, pale pale kitini, kwa mishono midogo ya kubana, akakata uzi kwa meno. Alipokuwa akilinyoosha, mkono ukagusa kitu kigumu mfuko wa ndani. Akakitoa. Akakigeuza. Akafungua fomu yake mezani na kugonga muhuri.

Foleni nzima ikasikia mlio wa muhuri. Watu wa mbele walisema baadaye kwamba wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti ile katika jengo lile.

"Mama," akasema Mzee Kitundu, kwa shida, "muhuri hauguswi bila ruhusa ya mwenyewe."

"Mwulize basi. Si umesema yupo?"

Tarishi alikuwa mtu mwaminifu, na miaka thelathini alikuwa amesema kwamba yupo. Akasogelea koti, akakohoa, akainama.

"Mheshimiwa, mama huyu anaomba kutumia muhuri."

Wote wakasubiri.

"Hajakataa," Mzee Kitundu akatangaza.

"Ahsante," mama akasema. "Anayefuata."

Aligonga fomu za watu arobaini na tatu. Aliyesahau jina la mtaa alikemewa, aliyejaza vibaya alipewa kalamu na kuambiwa aandike upya palepale, asimame pembeni, asizuie wenzake. Saa sita foleni ilikuwa imekwisha, jambo lililomfanya Mzee Kitundu akae chini, maana hakujua mtu asiye na foleni anasimama vipi. Mama akarudisha muhuri mfukoni, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja, na kulipangusa bega kwa kiganja kama alivyokuwa akimpangusa mwanawe asubuhi za shule.

"Kazi njema," akaliambia. Hakuliangalia kabati tena.

Sifaeli aliandika safu ya tatu: mwananchi ameondoka. Ndiyo.

Jambo hilo lilileta mtafaruku ghorofa zote. Mitaa arobaini na minne ilikuwa imerudi kwenye ramani kwa asubuhi moja, na mafundi, kwa kuona mihuri halali, walikuwa wamekwishaenda kufungua maji. Tume ikaundwa. Ilimhoji Mzee Kitundu, ikakagua daftari, ikaligusa koti. Ilikuwa na njia mbili: kukiri kwamba dawati halikuwa na mtu, au kutamka kwamba koti limefanya kazi. Ya kwanza ingewahusu wengi. Ikachukua ya pili.

Kwa hiyo Sifaeli alithibitishwa kazini kwa heshima ya juu, na kukafanyika hafla. Safu ya mbele ilijaa makoti. La Mkurugenzi Mkuu liliwekwa katikati, likapepewa. Bi Restituta akasoma hotuba kwa niaba yake.

"Mimi, Mkurugenzi Mkuu, nikiwa hapa mbele yenu, napenda kusema kwamba taifa linajengwa na wasiotafuta kuonekana. Kijana huyu hakuonekana siku saba mfululizo. Na katika kutokuonekana huko, mmeona aliyoyatenda. Nawaasa vijana wote: kabla ya kuuliza shirika litawafanyia nini, jiulizeni mmetoka saa ngapi."

Makofi yalipigwa na waliokuwa na mikono.

Zawadi ilikuwa henga ya kutundikia koti, iliyopakwa rangi ya dhahabu. Wazazi walialikwa, lakini Mama Sifaeli alituma ujumbe kwamba ana sare za shule za kumalizia. Mtarajali aliyeshinda aliombwa aseme neno. Sifaeli alikuwa na maneno tayari. Aliyaandaa kwa wiki nzima, kuanzia kiatu hadi uzi mwekundu. Akasimama, akayatazama makoti, na makoti yakamtazama.

"Nashukuru," akasema, akakaa.

Desturi ya mwisho ilikuwa hii: aliyethibitishwa alipewa koti jipya la shirika, la kijivu, la kubaki kitini daima, na koti lake la kwanza lilirudishwa kwa wazazi kwa gari, na barua ya pongezi mfukoni. Koti likatangulia Jumamosi. Mwenyewe alifuata Jumapili, kwa miguu kutoka stendi, henga ya dhahabu ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

Bomba la mwanzo wa Mchongoma lilikuwa likitoka maji. Mama Tekla alikuwa pale na ndoo, mtoto wake mgongoni, amekonda lakini macho yamechangamka. Alimwona Sifaeli, akasita, akamsalimia haraka na kurudisha macho kwenye ndoo.

Uani kwa mama yake palikuwa na benchi, na kwenye benchi majirani saba wamekaa wamevaa vizuri, wengine na mayai kwenye kikapu, mmoja na kuku amefungwa miguu. Ndani, mlango ukiwa wazi, meza iliandaliwa: wali, maharage ya nazi, kipande cha samaki. Kwenye kiti chake, kile alichokikalia tangu akiwa darasa la kwanza, lilikuwepo koti. Kwapani mshono mwekundu ulionekana hadi nje.

"Hodi," akasema.

"Nani?" Mama alikuwa akimimina maji kwenye bilauri, mbele ya koti.

"Ni mimi, Mama. Shikamoo."

Mama akaweka jagi. Akamwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kiatu cha kushoto, macho yakabaki kwenye kiatu kwa muda. Hakuitikia salamu.

"Una shida gani?"

"Mama, nimekuja. Nilitaka kukueleza. Siku ile mimi..."

"Hawa wote wamekuja kumshukuru," mama akasema, akionyesha koti kwa kidole. "Wamekutangulia. Kaa pale mwisho wa benchi."

"Mama, mimi ndiye mwenyewe."

"Mwenyewe yupo," akasema Mama Sifaeli. "Ametoka kidogo." Akachukua sahani nyingine, akafunikia ile ya wali ili isipoe. "Akirudi nitakuita ule."

Majirani wakasogea. Mwenye kuku akampakata kuku wake ili nafasi ipatikane. Sifaeli akakaa, henga mapajani, gazeti limeachia upande mmoja na dhahabu inaonekana. Hakuna aliyeuliza ni nini. Mlango ulibaki wazi, na kutoka pale alipokaa aliweza kuona sahani iliyofunikwa, na mama yake amekaa kando ya meza bila kula, akisubiri.